Mwenye Njaa Hana Mwiko: Kupunguza Uzito Mjini Penye Chipsi Kila Kituo

Najua wapo miongoni mwenu walioambiwa na daktari maneno mawili tu, "punguza uzito", kisha akaitwa mgonjwa anayefuata. Wametoka na maneno hayo mkononi, na kabla hawajafika nyumbani wamepita karai la chipsi moja, la pili, la tatu. Mhadhara wangu unahusu safari hiyo, kutoka kwa daktari hadi mlangoni kwako.

Dai langu ni moja, nami nalitaja mapema ili mnipime kwalo. Kishawishi cha chakula cha haraka hakishindwi pale kibandani. Ukifika pale na njaa kali, umeshachelewa. Kinashindwa asubuhi, mchana na saa kumi na moja jioni, kwa kuupanga mlo na njia yako mapema. Wahenga walisema mwenye njaa hana mwiko. Sayansi ya lishe imekuja baadaye na vipimo vyake, na vipimo hivyo vimewaunga mkono.

Mji tunaoishi

Simama Mbagala Rangi Tatu, Kimara Mwisho, Gongo la Mboto au Tegeta, hapa Dar es Salaam, saa moja jioni. Mafuta yanatokota karaini, kabati la kioo limewashwa taa, mapaja ya kuku yamepangwa mbele, na harufu inakufikia kabla hujashuka kwenye gari. Muuzaji hakuwekwa pale na bahati. Anajua abiria wake walikula mara ya mwisho saa saba mchana, wamesimama saa nzima kwenye foleni, na nyumbani wanakokwenda jiko halijawashwa. Chipsi mayai, au zege kama vijana wanavyoiita, inaiva kwa dakika chache, inatiwa kwenye mfuko, na bei yake haimtishi mtu mwenye mshahara mdogo. Mkazi wa Nairobi atataja chipsi na soseji ya smokie, wa Kampala atataja rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Mpango ni ule ule: chakula chenye mafuta mengi, kilichowekwa mahali ambapo watu wenye njaa hawana budi kupita.

Na miili yetu imeonyesha matokeo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti kama huo wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Mijini hali ni nzito kuliko vijijini. Kila aliyeuguza mzazi mwenye kisukari au presha anajua takwimu hizi zinavyoonekana zikiwa na sura ya mtu.

Sikuja kuwalaumu wenye uzito mkubwa, wala vijana wanaouza chipsi. Wale vijana wanatafuta riziki ya halali, na wengi wanalea familia kwa karai lile. Ninachotaka ni tuelewe kinachotupata pale, ili tuache kujiita wavivu na dhaifu, tuanze kujipanga.

Kiazi kile kile, shibe mbili

Mwaka 1995 mtafiti Susanna Holt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichukua vyakula 38, wakawapa watu kila kimoja kwa kiasi chenye nishati sawa, kisha wakapima shibe yao kwa saa mbili. Mkate mweupe waliupa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Kilichoongoza vyote kwa kushibisha kilikuwa kiazi cha kuchemsha, alama 323. Chipsi, yaani kiazi hicho hicho kilichokatwa na kukaangwa, zilipata alama 116.

Naomba tukae hapa kidogo, maana wengi tumeambiwa tuache viazi. Kiazi hakina kosa. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina takriban kalori 87. Kiazi kikitumbukizwa kwenye mafuta, maji yake yanatoka na mafuta yanaingia, na gramu 100 za chipsi zinaweza kufika kalori 300. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120.

Sasa tupige hesabu ya sahani ya kawaida ya chipsi mayai. Tuseme chipsi ni gramu 250: hapo ni kalori 750. Mayai mawili, kama 150. Mafuta yanayoongezwa kwenye kikaango, tuseme kijiko kimoja tu, 120. Tumeshapita 1,000, na bado soda. Chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshavuka kiasi hicho. Mwanamke anayejitahidi kubaki kwenye kalori 1,600 kwa siku amemaliza karibu robo tatu yake kwa mlo mmoja wa dakika 15, na saa nne usiku tumbo linadai tena.

Hizo dakika 15 nazo zina uzito wake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha utafiti wa watu 20 waliolazwa katika kituo chao Bethesda, Maryland. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya asili visivyosindikwa. Mafuta, sukari, chumvi na nyuzinyuzi za milo iliyoandaliwa zilikuwa zimelinganishwa, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Katika wiki nyingine wakapungua kiasi hicho hicho. Hakuna aliyewaambia wale zaidi. Maelezo mojawapo ni kwamba chakula laini, chenye nishati nyingi katika tonge dogo, kinaliwa haraka kuliko mwili unavyoweza kutoa taarifa ya kushiba. Chipsi zetu hazitoki kiwandani, lakini wepesi wa kumezwa na wingi wa nishati vimo humo.

Njaa ni ya kweli

Kuna maneno tunawaambia wanaojaribu kupungua: "Huna msimamo." Ni maneno ya ukatili na hayana msingi. Njaa inaendeshwa na homoni. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York iligundua leptini, inayoueleza ubongo kwamba mwili una akiba. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waligundua ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walitoa taarifa ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado ziko juu kuliko mwanzo. Mwili uliokonda unadai kilo zake zirudi, na unadai kwa muda mrefu.

Ongezeni na usingizi. Mwaka 2004 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo, kisha wakawalinganisha na hali yao walipolala kwa muda wa saa kumi. Walipolala kidogo, ghrelini ilipanda kwa asilimia 28 na leptini ilishuka kwa asilimia 18. Na walichotamani zaidi ni vyakula vya wanga, vitamu na vya chumvi. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la kwenda Kariakoo, akalala saa tano usiku baada ya kufua, anashuka kituoni jioni na homoni za aina hiyo. Kumwambia akaze moyo tu, bila kumsaidia apate usingizi na mlo wa mchana unaoshibisha, ni kumwongezea mzigo.

Wanaofaulu wanafanya nini?

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwajaribu watoto wa shule ya awali. Mtoto aliambiwa: unaweza kula kitamu hiki kidogo sasa, au ukisubiri nirudi utapata bora zaidi. Vitamu vilipoachwa mezani mbele yao, watoto wengi walishindwa mapema. Vilipofichwa, walisubiri muda mrefu zaidi. Na baadhi ya waliofaulu vikiwa mbele yao walifumba macho, wakageukia upande mwingine, wakaimba. Hawakukodolea macho kitamu ili waonyeshe ushujaa.

Watu wazima nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti wa watu 205 nchini Ujerumani waliokuwa wakiulizwa mara kadhaa kwa siku wanatamani nini na wanashindana na tamaa gani. Waliojulikana kwa kujizuia vizuri walikutwa wakipambana na vishawishi mara chache kuliko wengine. Maisha yao yalikuwa yamepangwa hivi kwamba vishawishi havikuwafikia sana.

Hapa ndipo tunapokosea. Tunampongeza anayesimama mbele ya karai akameza mate akaondoka. Kesho yake atasimama tena, na kesho kutwa, na siku moja mvua inanyesha, bosi amemkaripia, gari limechelewa, atanunua. Anayestahili kuigwa ni yule aliyekula chungwa na karanga saa kumi na moja, akapita pale akiwaza mambo mengine.

Siku moja, hatua kwa hatua

Tuanze asubuhi. Chai ya sukari na maandazi mawili ni wanga, mafuta na sukari. Saa nne njaa imerudi. Weka protini: mayai mawili ya kuchemsha, au maharage ya jana, au mtindi, pamoja na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Chai ipunguziwe sukari polepole, kijiko kimoja kila baada ya wiki kadhaa, na ulimi utazoea.

Mchana kwa mama ntilie, nawe ndiye unayeagiza. Mwambie: "Dada, wali nusu, maharage yajae, mboga za majani mara mbili, mchuzi bila mafuta ya juu." Hatakasirika, na bei mara nyingi ni ile ile. Samaki, dagaa, kunde, mchicha na matembele vinakaa tumboni. Anayeruka mlo wa mchana ili "aokoe kalori" anajiandalia usiku mgumu.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ninayoiombea heshima kuliko zote. Kabla hujapanda gari, kula kitu. Karanga za kukaanga kiganja kimoja, kama gramu 30, zina takriban kalori 170 na gramu 7 za protini. Yai la kuchemsha lina kalori 70 hadi 80. Chungwa halifiki 100. Vitu hivi vinauzwa kando ya vituo vingi, tena kwa bei ndogo kuliko chipsi. Kalori 200 za saa kumi na moja zinaweza kukuepusha na 1,000 za saa mbili usiku.

Nyumbani, adui mkubwa ni jiko lililopoa. Chipsi zinashinda kwa sababu zimeshaiva, nasi maharage yetu bado yako kwenye gunia. Jumapili chemsha maharage au choroko ya siku kadhaa, gawa kwenye vyombo, hifadhi kwenye friji. Asiye na friji aloweke asubuhi yaive upesi usiku, au apike mayai na mboga za majani, ambavyo havichukui muda mrefu kuliko foleni ya chipsi. Anayewahi kurudi apike, awe mume, mke au mtoto mkubwa. Nyumba ambayo mtu mmoja peke yake ndiye anayewasha jiko ndiyo nyumba inayonunua chipsi.

Kisha kuna njia yenyewe. Kama kibanda kiko upande wa kushoto, vuka barabara. Na jiwekee kauli tayari. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika tafiti zake kwamba anayepanga "likitokea hili, nitafanya hili" hutimiza azma yake zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Kwa hiyo usiseme "sitakula chipsi". Sema: "Nikishuka kituoni nikasikia njaa, nitanunua mahindi ya kuchoma na maji, nile nikitembea."

Je, chipsi ziwe haramu? Sisemi hivyo. Mtu anayependa chipsi azipangie siku yake, tuseme mara moja kwa wiki. Azile mezani, zikiwa kwenye sahani, kachumbari nyingi, kuku wa kuchoma badala ya wa kukaanga, maji badala ya soda, na ikiwezekana sahani moja watu wawili. Na usiku ukizidiwa ukala nje ya mpango, mlo unaofuata uwe wa kawaida. Usijiadhibu kwa kushinda na njaa, maana utarudi pale pale kibandani.

Mazoezi na maneno ya watu

Wapo wanaosema, "Nitakula, halafu nitakimbia." Jibu la kushangaza limetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ya Wahadzabe, wanaowinda na kuchuma chakula karibu na Ziwa Eyasi. Watu hawa wanatembea zaidi kuliko wengi wetu, lakini nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haikutofautiana sana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mazoezi yanatunza moyo, misuli na sukari ya damu, na ni lazima tuyafanye. Lakini mbio za jioni hazifuti sahani ya chipsi. Uzito unaamuliwa zaidi jikoni.

Kuna pia maneno ya jirani. Ukianza kupungua utaulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Tusimlaumu anayeuliza. Kizazi chetu kilizika ndugu wengi wakati wa UKIMWI, na Uganda ugonjwa ule uliitwa slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Hofu ile imebaki, na kitambi kikahesabiwa kuwa alama ya mambo mazuri. Mjibu kwa upole: "Niko salama, shangazi, daktari ameniagiza." Ukipelekewa ofa ya soda na kuku kazini, shukuru, chukua maji. Ugenini usikatae chakula cha mwenyeji. Anza na mboga, omba wali kidogo, sifu mapishi.

Tena usijiwekee lengo la kukukatisha tamaa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwataka baadhi yao wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5.6. Hiyo inafikika bila kujinyima hadi kizunguzungu. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito na anayenyonyesha aanze kwa kuzungumza na mhudumu wake wa afya.

Ombi langu

Mtu mmoja anaweza kuvuka barabara, lakini hawezi kuhamisha vibanda vyote. Kwa hiyo ninaomba. Wenye mabanda: wekeni mihogo na ndizi za kuchoma, kachumbari ya kutosha na maji baridi mbele ya kabati, mahali zinapokaa soda, na mwulizeni mteja kabla ya kumwongezea mafuta. Waajiri: toeni nafasi ya kula saa za kazi, maana mfanyakazi anayenyimwa chakula cha mchana ndiye mteja wa chipsi wa usiku. Wazazi: msiwape watoto chipsi na soda kama zawadi ya kufaulu, kwa sababu wataendelea kuzitafuta kila watakapotaka kujipongeza. Halmashauri: mnapopanga vituo vya mabasi na magenge, wapeni wauza matunda nafasi nzuri kama wauza chipsi.

Na wewe uliyeambiwa "punguza uzito", nakusihi uanze na jambo moja kesho. Kula kitu chenye protini saa kumi na moja jioni, kabla ya kupanda gari. Fanya hivyo siku zote za kazi kwa mwezi mzima, kisha ujipime. Tumbo lililotulizwa mapema ndilo litakalokuvusha kituoni.